Aliyeanguka kwa Niaba Yangu

Jumamosi ndiyo siku ya barafu. Ukumbi wetu wa michezo ya viungo wa Tukuyu una desturi hiyo tangu kabla sijafika: mazoezi yakiisha saa sita, kila mkubwa anamkalisha mdogo wake kwenye benchi, anamkagua kuanzia shingo hadi vidole vya miguu, na panapouma anamkanda. Mdogo wako si ndugu yako. Ni mtoto wa kundi la pili uliyekabidhiwa siku alipoingia, na utakuwa naye mpaka mmoja wenu aondoke. Mimi nilikabidhiwa Nsajigwa, miaka tisa, mdomo kama cherehani.

"Dada Tupo, baridi!"

"Barafu ya moto inauzwa wapi?"

"Dodoma. Si unakwenda Dodoma kwenye Kombe? Niletee."

Nikamgeuza upande. Kwenye nyonga ya kushoto alikuwa na alama ya ukubwa wa kitumbua, nyeusi katikati, kijani pembeni. Nikaibonyeza kidogo. Akanyamaza, na Nsajigwa akinyamaza ujue kuna jambo.

"Umeanguka?"

"Mm."

"Kwenye nini?"

"Boriti."

"Mara ngapi?"

Akahesabu vidole vya mkono mmoja, akaenda wa pili, vikaisha, akaanza upya. Kisha akaniangalia kama mtu aliyekumbuka amekatazwa, akaufunga mkono.

Nikanyanyua macho. Kwenye benchi walikaa watoto sita wa kundi la pili, kila mmoja na mkubwa wake. Mifuko sita ya barafu, na yote sita ilikuwa upande wa kushoto.

Mtu asiyejua mchezo huu anaweza kuona ni kawaida. Watoto huanguka, ndiyo. Lakini mtoto huanguka ovyo. Huyu kwa goti, yule kwa kiwiko, mwingine kwa makalio, anacheka. Boriti ina upana wa kiganja changu na urefu wa kwenda juu unaonifika kifuani. Ukiteleza hapo kila mwili unachagua pake pa kutua. Watoto sita hawawezi kuchagua pamoja.

Na mimi pale napajua. Nina bega la kushoto lenye haraka. Nikiruka nyuma linatangulia, kiuno kinalifuata, na boriti inanikuta nyongani. Nilianguka hivyo tangu nina miaka kumi mpaka kumi na saba. Halafu nikashonewa Shangazi, na tangu hapo sikuwa nimeanguka tena.

*

Shangazi ni uzi. Una jina lake refu la maabara ambalo Fundi Haule, mwenye kazi ya nyuzi hapa ukumbini, hulitaja wageni wakija, lakini sisi wasichana tunamwita Shangazi kwa sababu anakaa mgongoni kwako, anajua kila kosa lako, na hana siri. Unashonewa chini ya ngozi kutoka kisogoni hadi kiunoni. Hauumi. Muda mwingi umelala.

Anaamka kwa salamu. Katika mchezo wetu, kabla hujagusa chombo unamgeukia jaji, na taa yake ya kijani ikiwaka unanyoosha mikono yote miwili juu na kuinua kidevu, ndipo unaanza. Ni adabu ya tangu zamani, kabla ya nyuzi. Baraza la Viungo lilipoleta nyuzi likatumia adabu hiyo hiyo: mikono ikipanda, unasikia joto dogo kisogoni, Shangazi kafumbua macho. Toka hapo anafanya kazi mbili. Anavuta, na anaandika. Ukikosea hewani anavuta msuli kabla hata akili yako haijajua kuna kosa, na unatua umesimama. Na kila ulichofanya kinaandikwa, kinapelekwa Baraza, na Baraza linakifungulia kila ukumbi. Ndiyo maana mruko wa siri unafanyiwa kwenye shimo la sponji bila kusalimu, Shangazi akiwa amelala. Mruko wangu wa Dodoma nilikuwa nimeufanya hivyo kwa miezi minane. Hakuna aliyeuona ila mimi na Kocha Gwantwa.

Kitu kimoja sikuwahi kujiuliza miaka yote mitatu. Ili Shangazi anizuie nisianguke, lazima awe anajua kuanguka kwangu kunakuwaje. Amejifunza wapi, kama mimi sianguki?

Kundi la pili hufanya mazoezi Jumatatu asubuhi milango ikiwa imefungwa. Tuliambiwa ni ili wasituonee haya. Jumatatu ile nilijifungia stoo ya chaki, ambayo ukuta wake ni wa mbao za zamani za kiwanda cha chai, zimeachana. Nilikaa juu ya gunia. Mvua ya Tukuyu ilikuwa inapiga bati, nikajua hata nikikohoa hawatanisikia. Sikukohoa. Najua kukaa kimya. Ndicho kipaji changu cha pili.

Fundi Haule aliwapanga. Akafungua sanduku lake, akamgusa Nsajigwa kisogoni, penye uzi, kwa kile kidude chake cha kusoma nyuzi. "Mikono," akasema. Nsajigwa akanyoosha mikono. Uso wake ukatulia, ukawa kama wa mtu anayesikiliza wimbo wa mbali.

Akasogea katikati ya boriti. Kidole gumba cha mguu wa kulia kikasugua mbao, mara mbili.

Nikasogeza jicho kwenye ufa wa mbao. Hiyo ni tabia yangu. Sikufundishwa na mtu, wala sijamfundisha mtu. Nilianza utotoni, tulipokuwa tukifanya mazoezi juu ya gogo la mkaratusi kijijini kwetu Masoko, nasugua kuona kama limelowa.

Kisha mtoto wa miaka tisa akaruka kwa mwili wangu. Bega la kushoto likatangulia. Hakuna kilichomvuta. Boriti ikamkuta nyongani, akabwagika kwenye godoro, na Fundi Haule akaandika kitu.

"Safi. Tena."

Akapanda tena. Nilihesabu saba. Kila mara kidole kikisugua, kila mara bega likitangulia, lakini kila mara Fundi akiongeza kitu kidogo, kosa kubwa zaidi, haraka zaidi, ili auone mwisho wake. Mara ya nane niliusikia mlio hata kwa mvua ile. Ulikuwa mdogo, kama mtu amekanyaga kijiti.

Nsajigwa hakulia. Alisema tu, "Fundi, mguu umekataa."

Nikatoka stoo nikiwa na chaki mwili mzima.

*

"Ufa tu," alisema Kocha Gwantwa. "Daktari kasema ufa wa mfupa wa nyonga. Wiki mbili."

Ofisi yake ilikuwa na kiti kimoja, chake, kwa sababu yeye hawezi kusimama muda mrefu. Kocha aliruka enzi za kabla ya nyuzi na mguu wake mmoja hauna goti la kwake. Alikuwa amenilea tangu nina miaka kumi. Fundi Haule alisimama dirishani, sanduku chini ya kwapa.

"Ni mimi," nilisema. "Kinachoandikwa mgongoni kwangu mnawamiminia watoto. Mnawamiminia mimi."

"Tunawamiminia mwendo," alisema Fundi. "Mwendo si mtu, Tupokigwe. Ni—"

"Anasugua kidole, Fundi."

Akahamishia sanduku kwapa la pili.

"Kaa chini," Kocha akasema.

"Hakuna kiti."

"Basi simama na usikilize. Unamjua Atuganile?"

"Simjui."

"Huwezi kumjua. Tulikuwa tunalala kitanda kimoja, mimi na yeye, ukumbi huu huu. Aliangukia shingo akiwa na miaka kumi na sita. Mimi ndiye niliyemfumba macho. Mwaka ule walikufa wasichana wanne katika nchi za Maziwa Makuu pekee, na waliovunjika hakuna aliyewahesabu. Tangu uzi uje, amekufa nani? Niambie jina moja."

Nikautazama mguu wake.

"Hakuna," akasema. "Kwa sababu uzi unajua. Na uzi haujui kwa maombi. Lazima mtu aanguke auonyeshe. Mtoto wa miaka tisa ni mwepesi, mifupa yake laini, godoro nene. Anaanguka, kesho yuko anaruka kamba. Wewe ukianguka hivyo mara nane, kazi yako imekwisha. Anguko moja la Nsajigwa linawakinga wasichana elfu."

"Yeye anajua?"

"Mama yake alisaini."

"Mama Nsajigwa aliambiwa mtoto anafundishwa. Nilikuwepo. Alileta ndizi mkungu mzima kushukuru."

"Na anafundishwa."

"Kuanguka?"

"Hata hiyo ni elimu," Fundi akadakia, na nadhani aliyasikia maneno yake mwenyewe, maana aligeukia dirishani.

Nilitaka kupiga kelele lakini kelele si zangu. Nikauliza taratibu. "Kwa nini msiniangushe mimi? Bega ni langu. Kosa ni langu. Nimiminieni nianguke."

Kocha alicheka bila furaha. "Mwanangu, unajua ni miaka mingapi kukupata mmoja? Watoto kama wale nikifungua geti kesho watajaa mpaka barabarani."

Alilisema bila ubaya wowote, kama mtu anayesema mvua itanyesha. Nadhani hapo ndipo kitu kilipokatika kwangu. Kama angenitukana ningemsamehe mapema zaidi.

"Dodoma unafanya mruko mpya," akaendelea. "Ukisimama nao, kitabu cha Baraza kitaandika Mwakalinga. Jina la baba yako litatamkwa na watoto ambao hawajazaliwa. Unasalimu, unaruka, unatua. Mengine niachie."

"Na ukishaandikwa, Jumatatu ya baada ya Dodoma unamiminwa kwa nani?"

Fundi alifungua kalenda yake, akaangalia, akaifunga. Wiki mbili za Nsajigwa zilikuwa zinaisha Jumatatu hiyo.

"Ni mruko mgumu kuliko wote," nikasema. "Mara mbili kinyumenyume na kugeuka katikati. Mkiukosea huo hauvunji nyonga, Kocha. Unajua unavunja wapi."

"Najua," akasema polepole. "Ndiyo maana lazima tuujue vizuri kabla wengine hawajaanza kuuiga. Wataiga, Tupo. Huko kote wataiga. Nani aanguke kwanza?"

Hilo nalo sikuwa na jibu lake, na nisidanganye, sina mpaka sasa. Nilijua tu nani asianguke.

*

Tuliondoka Ijumaa asubuhi kwa treni ya juu, saa tatu tukawa Dodoma. Jioni ya kabla ya hapo nilipita kwa Nsajigwa. Alikuwa amelala kwenye jamvi uani, mguu juu ya mto, anawaamrisha kuku.

"Dada, Jumatatu narudi. Daktari kasema."

"Unataka kurudi?"

"Boriti naipenda." Akafikiri. "Siipendi ninapokuwa simo."

"Huwi umo wapi?"

"Mwilini. Fundi akiniwekea, mimi nakaa pembeni. Naona tu." Akamrushia kuku punje. "Yule anayeingia ana haraka. Namwambia taratibu, hasikii."

Mama yake alinikaribisha chai. Nilikunywa, nikasema ndaga, asante ya kwetu, nikaondoka, na sikumwambia kitu. Najilaumu kwa hilo. Lakini nilijua nikimwambia atakwenda ukumbini na kanga kiunoni, atafokewa kwa makaratasi aliyoyasaini, na Jumatatu watamchukua mtoto mwingine wa jirani. Mruko ukishaandikwa haurudi. Kwa hiyo usiandikwe.

*

Ukumbi wa Dodoma unachukua watu elfu ishirini na siku ya fainali ya boriti ulijaa. Tulikuwa wanane. Mimi nilipangwa wa mwisho, nafasi nzuri, kwa sababu unajua unachokihitaji. Nilihitaji kutua tu. Wote walijua. Mkenya aliyekuwa anaongoza, Jeruto, tulikaa naye pamoja kwenye viti vya kusubiri, akanipa chaki yake maana yangu ilikuwa na unyevu.

"Wanasema una kitu kipya," akasema.

"Wanasema."

"Basi kiache nyumbani, dada, leo ni zamu yangu." Tukacheka wote wawili, naye akanipiga bega, lile lile lenye haraka.

Waliita jina langu. Nikapanda jukwaani, nikasimama pembeni ya boriti. Kocha Gwantwa alisimama mahali pake, hatua nne nyuma, mikono kifuani. Jaji mkuu, mama mmoja mwenye miwani na koti la zambarau, aliangalia karatasi yake, akabonyeza. Taa ya kijani ikawaka.

Nikamwangalia jaji. Mikono yangu ilikuwa ubavuni.

Sekunde moja. Mbili. Yeye akanyanyua nyusi kidogo, kama mtu anayemsubiri mgeni aseme hodi.

"Mikono," alinong'ona Kocha.

Sheria iko wazi na kila mtoto anaijua: usiposalimu, chochote utakachofanya baada ya hapo ni sifuri. Si kupunguziwa. Sifuri, kama hukuja. Na ukiwa umefanya kwa makusudi, Baraza linakuita.

"Tupo, mikono! Umelala?"

"Shangazi ndiye amelala," nikasema. "Mwache."

Niliona uso wake ukielewa. Ulianza kwenye macho, ukashuka mdomoni. "Utakufa," akasema. Hakupiga kelele. "Tupo, mwanangu, hapa hakuna sponji."

Nikapanda.

Nikueleze inavyokuwa. Miaka mitatu nilikuwa nimesahau kwamba boriti ni nyembamba. Shangazi akiwa macho, boriti ni barabara. Sasa ilikuwa mbao ya upana wa kiganja na mimi juu yake, kilo arobaini na nane, na kila kilo niliijua. Kifundo cha mguu kilitetemeka. Nilisikia watu wakinong'ona, wimbi linazunguka ukumbi mzima: hajasalimu, hajasalimu. Nikafanya mzunguko wa kwanza nikayumba, mkono mmoja ukaenda hewani kama mtu anayefukuza nzi. Mtu alicheka kwenye viti vya watazamaji. Nilijirudisha mwenyewe. Hakuna aliyenivuta. Nakuambia, kujirudisha mwenyewe kuna utamu ambao nilikuwa nimeunyimwa muda mrefu.

Halafu ukaja mruko wa nyuma, ule wa siku zote. Bega likatangulia.

Nilijua nikiwa hewani. Nilingoja kuvutwa, mwili wenyewe ulingoja, kama mtoto aliyezoea kushikwa mkono barabarani. Mkono haukuja. Boriti ikanikuta nyongani na dunia ikawa nyeupe, nikajikuta chini, mdomo umejaa ladha ya chuma.

Ukumbi ulipiga yowe. Hawakuwa wameona mtu mzima akianguka kwa miaka. Kulikuwa na watoto mle ndani ambao hawakuwahi kuona kabisa.

Kumbe nilikuwa nimesahau anguko linavyouma, niliwaza. Mara saba, nane, na mtoto hakulia.

Ukianguka una sekunde kumi za kurudi juu. Saa ilianza kuhesabu, ingawa haikuwa na maana tena, sifuri haiongezeki wala haipungui. Sita. Saba. Kocha Gwantwa alikuwa amekuja mpaka kwenye godoro. Kocha akisogea hivyo mchezaji anakatwa alama, na yeye hajavunja sheria hata moja tangu nimjue.

"Imetosha," akasema. "Umeonyesha. Shuka twende."

"Bado."

"Unamwonyesha nani? Mimi? Nimekuona."

"Mruko bado, Kocha."

"Kwa ajili ya nini? Hauandikwi!"

"Ndiyo maana naufanya."

Nikaweka viganja kwenye mbao, nikapanda sekunde ya tisa. Mguu wa kushoto ulikuwa kama wa mtu mwingine. Nikaenda mwisho wa boriti, nikageuka, nikawapa mgongo wote, jaji, taa, Baraza lote lililokaa kwenye viti vya mbele na vinywaji vyao.

Unarudi nyuma kwa mikono mara mbili, unaondoka kwenye mbao. Unajipindua samasoti ya kwanza umekunja magoti. Ya pili unaanza kuifungua na hapo katikati unageuka, unaiona sakafu inakuja mbele yako badala ya nyuma. Kwenye karatasi ni mstari mmoja. Hewani ni muda wa kusema jina lako mara moja, la kwanza, si la baba.

Mikono. Mikono tena. Nikaondoka.

"Bega!"

Ilikuwa sauti ya Kocha. Kwa miaka mitatu hakuwa na haja ya kunipigia kelele hiyo, maana kulikuwa na anayevuta. Aliitoa kwa pumzi yote, sauti ya enzi za Atuganile, "Bega, Tupo, bega!" nami nikalisikia bega likinitoka, nikalishika. Mimi mwenyewe, kwa akili yangu, nililishika. Sakafu ikaja mbele.

Nilitua. Si kwa uzuri. Hatua kubwa ya kulia, nyingine ndogo, goti karibu liguse. Lakini nilikuwa nimesimama juu ya miguu yangu, na ukumbi ukapiga yowe la pili.

Ubao ukaandika: 0.000.

Jaji yule wa miwani alisimama. Nilidhani ananiita kunifokea. Aliniangalia muda, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akakaa. Jeruto alichukua dhahabu. Yeye na wengine wote walikuwa wamesalimu, na wataendelea kusalimu. Sikutegemea vingine.

Fundi Haule alinikuta kwenye chumba cha daktari, akanigusa kisogoni kabla ya kunisalimia. Akaangalia kidude chake. Akakipiga kofi, akaangalia tena.

"Tupu," akasema. "Miezi minane, Tupokigwe. Umefanya mbele ya watu elfu ishirini na hakuna kitu."

"Si umeuona?"

"Kuona si kitu! Macho hayamiminwi!" Kisha akatulia, akajikuna kidevu. "Uzi ukilala husikia kidogo. Kama mtu usingizini. Yawezekana kuna mabaki humo. Jumatatu nitajaribu kuyamimina."

*

Barua ya Baraza ingefika Jumatano. Jumatatu bado nilikuwa mchezaji wa ukumbi ule, na saa moja asubuhi nilikuwa nimeshaketi kwenye benchi la barafu, milango haijafungwa, nyonga imevimba hadi nimeshindwa kuvaa suruali nikavaa kanga.

"Wewe huruhusiwi," alisema Fundi.

"Nitoe."

Akamwangalia Kocha Gwantwa. Kocha alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea mguu wake mzima. Hatukuwa tumesema neno tangu Dodoma. Kwenye treni alikaa behewa jingine. Alitazama mvua nje, akatazama boriti. "Fanya kazi yako, Fundi," akasema. Mlango hakuufunga.

Watoto sita wakapanga mstari. Nsajigwa alikuwa wa kwanza kwa sababu yeye ndiye bora, na kwa sababu wiki zake zilikuwa zimeisha. Alipanda kwa shida kidogo. Fundi akageuza kidude mpaka mwisho kabisa, hata mimi nilikisikia kikinguruma, akamgusa kisogoni.

"Mikono."

Mikono midogo ikapanda. Uso ukatulia, ukaanza kusikiliza.

Nilisimama. Nilikuwa nimeshapima kwa macho: hatua tatu, na mguu mmoja mbovu. Nilijua kwamba kama kuna hata chembe ya mimi mle ndani, chembe ya mruko ule, angeondoka kwenye mbao ile kabla sijafika. Nilitazama magoti yake. Mtu anayetaka kuruka nyuma magoti yake husema kwanza. Wenzake walikuwa wameacha kunong'ona. Mvua iliendelea na mambo yake.

Magoti hayakusema kitu.

Nsajigwa alisubiri. Akasubiri tena. Akafungua jicho moja, halafu la pili, akashusha mkono akajikuna makalio, na watoto watano wakaangua kicheko.

"Fundi," akasema, "hajaja mtu."

Fundi akabonyeza tena. Akabonyeza tena.

"Hajaja, kweli. Ni mimi tu." Akaniona. "Dada Tupo, sasa nifanye nini?"

"Sijui. Unataka kufanya nini?"

Aliiangalia boriti mbele na nyuma, kama mtu aliyeachiwa chumba kizima. Akatembea hatua nne, vidole vimenyooka, mikono imepanuka, polepole, wala si kama mimi. Akafika mwisho. Akachungulia chini.

"Nyonga inauma. Nataka kushuka."

"Ashuke au asishuke, bado sijamaliza," alisema Fundi Haule. "Nsajigwa, rudi katikati."

"Amesema anashuka," nikasema.

Nsajigwa alikaa kwenye mbao, akalala kwa tumbo, akateleza taratibu huku miguu ikiitafuta sakafu, kama mtu anayeshuka kitanda kirefu. Ikaipata. Akaja kukaa karibu yangu, akaanza kuongea kabla hajafika.

Fundi alisimama na kidude chake. Aliangalia mlangoni. Kocha Gwantwa hakumwangalia.

"Anayefuata," Fundi akasema.

"Muulize kwanza," nikasema.